Kipande cha Mkate Ambacho Sikupewa

Nakumbuka siku moja nikipanda ngazi za jengo letu kule Riverdale Park, Marekani, nilisikia vijiko vikigonga sahani kabla sijamwona mtu. Vilikuwa viwili: kimoja kikubwa, cha taratibu, kingine kidogo, kikigonga ovyo kama mvua ya kwanza juu ya bati. Hicho kidogo kilikuwa cha binti yangu Zawadi, wa miaka miwili na nusu. Mwanangu unayenisikiliza, miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nami nilikuwa kijana niliyedhani kwamba haraka ni aina ya akili.

Nilikuwa naenda kumchukua kwa Mama Odette, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa Bukavu aliyetushikia mtoto mchana. Kabla ya Marekani alikaa miaka mingi kwenye kijiji kimoja cha Ufaransa, akikamua ng'ombe wa watu. Siku hiyo nilikuwa pia na habari ya kumpa. Mimi na mke wangu Tausi tulikuwa tumeamua kumpeleka Zawadi Singida, kwa mama yangu, alelewe huko hadi umri wa shule. Wenzetu wengi walifanya hivyo. Tausi alihudumia wazee majumbani tangu alfajiri, mimi niliendesha basi la hoteli jioni hadi usiku wa manane na kulala asubuhi, na mwisho wa wiki kila mmoja alikuwa na kibarua cha pili. Tulipishana kama walinzi wa lindo. Shangazi yangu alikuwa anasafiri baada ya wiki mbili, na kiti cha mtoto ndegeni kilikuwa kimeshashikwa.

"Mama, nimeacha gari linanguruma," nilisema nikiwa bado nimesimama. "Nipe mtoto tu, tuwahi dukani."

"Ikala," akaniambia, akinionyesha kiti. "Mutoto iko anakula. Motokari haina njaa."

Zawadi naye akainua kidole, mdomo umejaa. "Wait, Daddy."

Mama Odette akacheka hadi kitambaa kikamlegea kichwani. "Umesikia bosi? Kule kijijini kwetu Ufaransa, kengele ya kanisa ikilia saa sita, hata trakta inanyamaza. Mutu hatoe mutoto ku meza. Shuka, zima motokari yako, urudi."

Nikashuka, nikazima, nikarudi. Mtu mzima akikuamuru kama mwanawe, tii kwanza, uliza baadaye.

Palikuwa na supu ya karoti, jibini kidogo, na mkate mrefu aliouoka mwenyewe. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nilikula huku nikieleza habari ya Singida, haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Mama Odette alimsogezea Zawadi mkate, maana nyumbani kwake mtoto ndiye aliyegawa.

Zawadi akamega kipande, akampa Mama Odette. Akamega kingine, akakiweka mbele ya mwanasesere wake wa kitambaa. Cha tatu akakila mwenyewe.

"Na Papa?" Mama Odette akamwuliza.

Mtoto alinitazama bila kinyongo chochote, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita. "Daddy's going," akasema, akaendelea kutafuna.

Mwanangu, nimefokewa na mabosi, nimefukuzwa kazi mara mbili. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Mama Odette akapangusa meza polepole. "Mi nilimuacha mutoto wangu wa kwanza Bukavu kwa mama yangu," akasema. "Miaka ine. Siku ya kumupokea kule Ufaransa, nilimununulia viatu. Vikakatala kuingia. Nilikuwa nimenunua viatu vya ule mutoto nilimuacha. Na yeye akanipa mukono, na heshima yote, akasema: Bonjour, madame."

"Madame?"

"Madame. Mama yake! Tulikula pamoja kila saa sita, yeye na mi, miaka mbili, ndiyo siku moja akasahau, akaniita mama. Baba Zawadi, munasema hamuna wakati. Wakati iko. Munaupa kila mutu, isipokuwa huyu."

Nilirudi nyumbani kwa aibu, nikamngoja Tausi. Nilipomweleza, alikaa chini na viatu vyake vya kazi mguuni, akalia, kisha akacheka. "Baba Zawadi, kila jioni nilikuwa naomba wewe ndiye uanze kusema hapana. Niliona nikianza mimi utasema nadeka."

Basi. Shangazi alisafiri peke yake. Bibi yake Zawadi alinung'unika kwenye simu kwamba alishamtengea kuku. Tulikwenda kumla kuku huyo baadaye, sote watatu. Vibarua vya mwisho wa wiki tukaviacha. Tukatafuta saa moja ambayo sote tuko nyumbani, tukapata saa kumi alasiri, saa ambayo si ya chakula cha mchana wala cha usiku. Ugali wetu ukawa wa saa kumi. Majirani walitushangaa, nasi tulinenepa.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sibishani nao. Ila nimeona kwamba hata uliyemzaa, usipokula naye, atakuwa mgeni mwenye adabu. Simlaumu aliyelazimika kumpeleka mwanawe mbali. Njia hazifanani, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini wewe mwenye nafasi, hata iwe nyembamba, tafuta saa yako ya mezani. Keti. Usile umesimama mbele ya mtoto. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kulea kwingi ni kukaa tu mahali pamoja bila kuaga.

Baraka sina nzuri kuliko ile tuliyoachiwa na Mama Odette, Jumamosi ya kwanza alipokuja kula ugali wetu wa saa kumi. Baada ya kula alinawa, akafunga kitambaa chake vizuri, akatuwekea mikono kichwani mmoja mmoja, mtoto akiwa wa mwisho. "Mungu awape chakula," akasema, "na awape watu wa kukila nao, mupaka muzeeke." Nawe mwanangu, akupe hivyo hivyo.

Tulimsihi akae kidogo. Akakataa: sasa, alisema, ni zamu yenu ya kukaa mezani na mtoto. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.