Mistari Minne ya Wimbo wa Mama Goreth

Siku ya kwanza kufundisha kwaya kwenye kanisa letu la ughaibuni, Mount Druitt, nilijaa hofu. Mchungaji Kiongozi alinivuta pembeni.

"Mwalimu, Warundi wanaimba kwa kukariri, Wakenya wanataka karatasi za nota. Usiwagombanishe."

"Ndiyo, Mchungaji," nikajibu.

Nyie vijana mnadhani nota zilishuka kutoka mbinguni. Wapi! Zamani watawa wa Ulaya walikariri nyimbo zote za ibada, miaka na miaka, na walichoogopa ni kusahau. Ndipo wakaanza kuchora vialama juu ya maneno: sauti ipande hapa, ishuke pale. Ipande kiasi gani? Alama haikusema, ilimkumbusha tu anayeujua wimbo tayari. Baadaye mtawa mmoja wa Italia akapanga mistari minne, kila mmoja na kimo chake cha sauti, na mtu akaweza kuimba wimbo asiowahi kuusikia.

Nikahamishiwa kanisa la jirani, Penrith, na huko ndiko hofu ilikonikamata kwelikweli. Mama Goreth, mwimbaji wetu kutoka Burundi, alikuwa na saratani ya koo. Jioni aliyoniita, kesho yake angefanyiwa operesheni, na sauti isingerudi. Alikuwa amemtungia bintiye wimbo wa harusi, akauficha mpaka siku yenyewe ifike. Hakuna mwingine aliyeujua.

"Nikurekodi kwa simu, dada?"

"Hapana, Mwalimu. Wakisikia sauti yangu watalia. Mimi nataka waimbe, wacheze. Andika."

Nikachora mistari minne kama ya yule mtawa, nikaandika. Nikikosea nota moja, nani angenisahihisha? Alirudia na kurudia mpaka koo likakataa, na ubeti wa mwisho ukatoka kwa mnong'ono. Huo niliukisia.

Siku ya mazoezi alikaa mbele, shingo imefungwa bandeji. Sikuthubutu kumtazama usoni. Kwaya ilipofika ubeti wa mwisho, akainua kiganja na kukitikisa: juu zaidi. Nikasimamisha kwaya, nikapandisha nota. Akainua tena. Soprano walipoifikia, mkono ukatulia mapajani, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Sasa nimestaafu, lakini hofu haikustaafu nami. Nikimsikia mtu mzima kanisani akiimba wimbo nisioujua, humfuata nje na kumuuliza nani mwingine anaujua. Wengi husema, "Ni mimi tu."