Bunduki Nyepesi ya Baba

Mimi ni fundi wa mitumbwi Mugango, na kosa langu lilianzia kwenye kasia. Kasia zuri ni jepesi. Ukiliacha zito, mvuvi anarudi mabega yamekufa, na jina lako linatukanwa ufukoni kote.

Baba yangu aliongoza wawindaji karibu maisha yake yote. Uzee ulipoanza kumwingia, kampuni yake ya uwindaji ilimwambia atarudi kazini akiweza kubeba bunduki yake mwenyewe na kupiga shabaha mbele yao. Akaagiza ya kipimo chake, ya mitutu miwili, kwa fundi mwenye leseni Musoma mjini. Chuma kilikuwa cha yule fundi. Kitako cha mbao niliachiwa mimi, maana baba hakutaka mkono mwingine.

Tuliipima kwenye mizani ya samaki: kilo tano. Baba akaibeba kutoka mlangoni kwake Nyamuswa hadi kwenye zizi, akaiegemeza, akajifanya anatazama ng'ombe.

"Nilikuwaga nabeba ya hivi kutwa nzima," alisema. "Ipunguze, mwanangu."

Nikapunguza. Niliikondesha shingo ya kitako, kisha nikakichimba kwa ndani kama ninavyochimba mtumbwi, nikaziba kwa kibao. Fundi wa bunduki alipokiona alishika kichwa.

"Huo uzito wa nyuma ndo unameza teke," akaniambia. "Bunduki nyepesi inampiga anayeishika. Ishia hapo."

Nilimcheka kimoyomoyo. Mtu wa chuma anifundishe mbao? Nikarudi Mugango nikachimba tena, mpaka mizani ikasoma kilo nne na nusu. Baba aliinyanyua begani, akaishusha, akainyanyua tena, akacheka. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu mama atutoke.

Siku ya kupimwa tulikwenda na fundi wa bunduki kwenye uwanja wa shabaha upande wa Bunda. Risasi ya kwanza ilipiga katikati kabisa. Baba akarudi nyuma hatua mbili, akakaa chini, bunduki mapajani. Mfupa wa bega ulikuwa umekatika. Yule fundi alinitazama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba wakati mwingine anayevunjika ni mwingine.

Nyumbani, mkono ukiwa umefungwa kifuani, baba aliwaambia wote waliokuja kumpa pole: "Bunduki haina kosa. Mwanangu aliitengeneza nyepesi kabisa. Mwili wangu ndo umeisha." Wakanisifu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kunywa chai yao.

Walipoondoka nikaanza kumweleza. "Baba, ile bunduki..."

"Nzuri sana," akanikatiza. "Ungekuwa umenitengenezea miaka kumi nyuma."

Nikaanza kukusanya vikombe. Ningemwambia, ningemrudishia mwili wake na kumpokonya mwanawe. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Wiki iliyofuata alinituma niipeleke polisi ikabidhiwe, kisha nipite kwenye kampuni niwaambie wasimsubiri. Nikaweka karatasi za kibali mfukoni, nikaifunga bunduki kwenye turubai, nikatembea nayo hadi kituo cha basi. Niliishika kwa mkono mmoja. Njia nzima haikunichosha.