Mume Wangu Hasikii, Nilimsikilizia Chuma Kibovu

Kwanza naomba jina langu lisitajwe gazetini, wala la mtaa wetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, Mnyakyusa, nimeolewa na fundi wa magari hapa Mbeya, tuna watoto watatu. Nyumbani tunakula, tunavaa, mume hanywi wala hanipigi. Wengine mtauliza natafuta nini tena. Subirini.

Mume wangu alikwenda vitani Burma akiwa fundi, akarudi mzima isipokuwa masikio. Bomu lililipuka karibu naye. Ukitaka akusikie lazima umpigie kelele sikioni, na hata hivyo anashika neno moja moja. Lakini malori ya vita anayajua ndani nje. Wenye malori wa huku, Wahindi kwa Waafrika, walipoanza kununua yale magari yaliyobaki jeshini, vipuri vyake havikupatikana madukani. Ilibidi vifuatwe Iringa, kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja aliyejaza mabaki ya jeshi mpaka mlangoni mwa jiko lake.

Huko hununui kwa pupa. Mume wangu alikuwa akisema, "Kilichofungwa kwa karatasi na grisi yake, hicho hakijaguswa. Kilichopakwa rangi mpya ogopa, aliyepaka ana anachoficha." Alisoma namba zilizogongwa kwenye chuma, akakwaruza kutu kwa kucha. Mwisho alikifunga chuma kamba, akakining'iniza, akakigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia kwa muda mrefu. Chenye ufa sauti yake inakatika hapo hapo, kama chungu kilichopasuka. Yeye hasikii, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda wawili. Anagonga, ananiangalia. Nikiitikia kwa kichwa, ananunua. Wanaume pale uwanjani walikuwa wakinitania, wananiita bibi fundi, na mimi niliona fahari, siwafichi.

Mwaka jana tulikwenda kutafuta mkono wa usukani, kile chuma kinachovuta gurudumu la mbele dereva anapokata kona. Ulikuwa wa lori la mpunga la Rujewa. Iringa tulifikia kwa dada yake mume wangu. Asubuhi tukiwa jikoni akaniambia, "Wifi, we jiandae tu. Kaka ameshaongea na wazee, ataleta mwingine." Sijui alikuwa anatania au la, mawifi nanyi mnawajua. Nilinuna mpaka uso ukaniuma. Sikumuuliza mume wangu, na hata leo sijamuuliza.

Uwanjani alichagua mkono mmoja, akausafisha, akaugonga. Sauti ikakatika. Niliisikia, jamani, niliisikia vizuri kabisa. Akanigeukia na yale macho yake ya kuningoja, na mimi nikaona mtu anayetaka kuninyang'anya nyumba yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kazi yake iharibike tu, apate aibu mbele ya mwenye lori. Barabara sikuifikiria, wala mteremko, wala mtu atakayekaa nyuma ya ule usukani. Nilijiambia nitamwambia tukifika nyumbani. Tulifika, nikapika, nikanyamaza.

Wiki ya tatu baada ya mume wangu kuufunga, mkono ulikatika, lori likiteremka kwenda Usangu. Dereva, hapa nimwite Lukasi, alikufa palepale. Ameacha mke na watoto wawili, na huyo mjane ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Mume wangu alirudi na kipande kilichokatika. Akanionyesha kutu ya zamani pale kilipokatikia. "Ufa ulikuwepo, mke wangu," alisema huku analia. "Ni mimi niligonga vibaya. Niligonga karibu na kamba, sauti ya ufa haikutoka, ndiyo maana hukuisikia." Mimi nilisimama na mwiko mkononi. Mwenye lori alipokuja kuuliza, mume wangu akanitetea, "Mke wangu msimguse. Masikio yake hayana kosa."

Tangu hapo kile kipande amekitundika nyuma ya nyumba. Kila asubuhi kabla ya chai anakigonga, mara juu, mara chini, mara polepole, anatafuta kosa la mkono wake. Yeye hasikii kitu. Mimi nasikia. Nasikia nikipepeta mchele, nasikia hata kanisani watu wakiimba. Mjane wa Lukasi nampelekea unga na maharage, ananishika mikono yote miwili, ananiambia, "Ndaga fijo, asante sana, dada, Mungu akulipe." Ninaogopa hiyo dua kuliko laana.

Mtasema mwambie mumeo. Nimwambieje? Anasoma namba za vyuma tu, barua hajui. Kumwambia ni lazima nipige kelele, na nyumba zetu zimebanana, mjane atasikia kabla yake. Siku moja nilimpeleka shambani, mbali na watu. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Akanitazama midomo, akacheka, akasema, "Ndiyo, nimeiona, mvua inakuja." Tukachukua majembe, tukarudi.

Najua nikimwambia hatanipiga. Ila atakuwa hana tena mtu wa kumwamini, na kazi yake itakuwa imekwisha. Nikinyamaza ataendelea kuulaumu mkono wake mpaka kaburini. Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu: siku hizi kila chuma nikikisikia naona kina ufa, hata kengele ya kanisa. Sijui tena kizima kinaliaje.

Sasa wenye malori wamemrudia. Jumatatu tunasafiri kwenda Iringa kutafuta vipuri. Nilijisingizia ugonjwa, akasema basi hata yeye haendi, bila mimi hanunui kitu. Leo amenipigia pasi gauni langu la safari yeye mwenyewe. Jumanne asubuhi atafunga chuma kamba, atagonga, atanigeukia. Ndugu zangu wasomaji, akiniangalia, nifanye nini?