Mukecuru Aliyeambiwa Anatetemeka

Esdras, mpiga picha wa Masisi, alikuwa na lenzi moja tu ya maana, na kwa lenzi hiyo alikuwa na maringo kuliko bwana harusi. Aliinunua Goma kwa mwandishi wa habari mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na ili aipate ilibidi auzwe ng'ombe wa mke wake. Wa mke wake, si wake yeye. Sidonie alikubali, lakini tangu siku hiyo hakuiita lenzi hata mara moja.

"Ngombe yangu imekula leo?" alikuwa akimuuliza Esdras anaporudi kutoka kwenye ubatizo. "Ao imelala njaa?"

Na ukweli usemwe, ng'ombe huyo alikamuliwa vizuri. Picha za lenzi ile zilionyesha nyuzi za shela ya bibi harusi na mvi za ndevu za mchungaji, unywele kwa unywele. Watu walishuka kutoka vilima vya mbali kwa pikipiki, wamevaa viatu vya kuazima, wakaja kusimama mbele ya pazia lake la bluu katika chumba kimoja kando ya barabara.

Barabara yenyewe mnaijua. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope. Kwa hiyo mbele ya lenzi Esdras alikuwa amefunga pete yenye kioo chembamba cha kinga, ili vumbi likwaruze kioo hicho na lenzi ibaki salama. Siku moja akitoka Goma, pikipiki ikaruka shimo pale Mubambiro, begi likagonga chuma cha kubebea mizigo, na kioo cha kinga kikapasuka. Lenzi haikuguswa. Esdras alimshukuru Mungu, na hapo alikuwa na haki. Kosa lilikuja muda mfupi baadaye, alipofika Sake.

Pale Sake palikuwa na fundi wa kukata vioo vya madirisha. Mtu mwenye subira angengoja kioo cha kweli cha kamera kutoka mjini. Esdras hakuwa na subira, alikuwa na ujanja. Alimpa fundi ile pete akamwambia amkatie kipande kinachoingia humo, na fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kukata anachoombwa, akakata, akalainisha ukingo, akakibandika kwa gundi. Esdras alikiinua juani. Kilikuwa safi. Kioo ni kioo, alijiambia, akapanda Masisi akijiona mwerevu kweli kweli.

Mteja wa kwanza baada ya safari ile alikuwa Nyirabagenzi.

Huyu alikuwa bibi wa kilima cha juu, Mukecuru kama wanavyomwita mwanamke mzee huko, mtu wa maharage na ng'ombe wawili watatu, aliyeishi na mjukuu wake Bénédicte. Vita viliwafukuza hadi kwenye kambi za wakimbizi, na waliporudi nyumba haikuwepo, wala picha zilizokuwa ukutani: ya mume wake marehemu, ya harusi, zote. Sura yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kadi ya kupiga kura, na hiyo aliichukia. Kwao, jeneza likitoka nyumbani, mjukuu hulitangulia akiwa amekumbatia picha ya marehemu kifuani, na picha hiyo ikirudi hubaki ukutani miaka na miaka. Wapo wanaoogopa kupigwa picha ya namna hiyo wakiwa hai, eti ni kuita kifo. Nyirabagenzi hakuwa wa kundi hilo.

"Sitaki kuzikwa na ile sura ya karte," alimwambia Esdras. "Ile iko sura ya muntu wamekamata na kuku ya wenyewe. Nataka batoto ba Bénédicte bajue vile nilikuwa."

Alikuwa ameteremka kilima kwa miguu pamoja na Bénédicte, mtoto wa Bénédicte akiwa mgongoni mwa bibi mwenyewe, na mkononi kibuyu cha maziwa ya mgando. Kabla ya kukaa alimmiminia mwenyeji wake kikombe. Mdomo wa kibuyu ulikuwa mwembamba na kikombe kidogo, lakini hakuna tone lililoanguka sakafuni. Esdras alikunywa, akajifuta masharubu. Aliuona mkono ule kwa macho yake mwenyewe, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Akapiga picha. Alipoikuza kwenye skrini ya kamera, akaona uso kama unavyoonekana nyuma ya mvuke wa sufuria ya maharage. Kope hazikuonekana, na mikunjo yote ilikuwa imefutika. Mjini wako wanawake ambao wangemlipa kwa kuwafutia mikunjo, lakini bibi huyu alikuja kuitafuta ya kwake.

"Mukecuru, unatikisika," alisema Esdras.

Ndilo neno la kwanza lililomtoka. Hakutazama lenzi, hakutazama pete. Kile kioo kipya hakukihesabu kabisa kama sehemu ya jicho la kamera. Kwake kilikuwa mlinzi wa mlangoni. Na kuishuku lenzi kungekuwa kurudi nyumbani na kumwambia Sidonie kwamba ng'ombe wake ameenda bure. Akaona ni rahisi kumshuku mwanamke mzee.

Alifungua dirisha mwanga uingie. Akaongeza kasi ya kamera, akaifunga kwenye miguu mitatu ya chuma, akamwegemeza bibi ukutani na kumwambia azuie pumzi. Nyirabagenzi alitii kila alichoambiwa. Alibana mikono katikati ya magoti mpaka vidole vikapauka. Kila picha ilitoka na mvuke ule ule.

"Mimi niko natetemeka?" aliuliza mwishowe.

"Unatetemeka, Mukecuru. Objectif hii haisemake uongo," alisema Esdras, akiigusa lenzi yake.

Bibi aliitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini. "Sikujua. Ku nyumba hawajaniambia."

"Ni uzee njo unafanya vile," Esdras akasema, akidhani anamfariji.

Nyirabagenzi alicheka kidogo, kwa heshima tu. Walipoagana, alinyoosha mikono kumpokea mtoto, kisha akairudisha. "Bénédicte, mubebe weye," alisema. Esdras aliliona hilo pia, huku akiipangusa lenzi yake kwa kitambaa safi.

Jumapili iliyofuata alipiga picha ya watoto waliopata kipaimara, mbele ya kanisa. Wote wakatoka na mvuke. Watoto hawatulii, alijiambia, lakini safari hii mwenyewe hakujiamini. Watu walipoondoka aliifunga kamera kwenye miguu ya chuma, akaielekeza kwenye ukuta wa kanisa, akaitegea ijipige yenyewe bila kidole chochote kuigusa. Ukuta ule ni wa mawe, mnene, na umesimama tangu enzi za wamisionari. Ukuta nao ulitoka na mvuke.

Alitafuta ukali wa picha kwa kuizungusha lenzi kwa mkono, si kwa mashine. Akalibana tundu la lenzi. Ikawa afadhali kidogo, bado si kitu. Alipokosa mwingine wa kulaumiwa, akaifungua ile pete. Picha iliyofuata ilionyesha ukoka wa kijani katikati ya mawe, na siafu waliokuwa wakipanda juu yake. Akairudisha pete: mvuke. Akaitoa: siafu. Aliendelea hivyo mpaka visingizio vikamwishia. Akakumbuka maziwa yalivyoshuka kutoka kwenye kibuyu, bila tone.

"Ngombe yangu iko mugonjwa?" Sidonie alimuuliza alipomwona amekaa ameshika tama.

"Iko muzima. Mimi njo nilifunga macho yake." Akamweleza yote, kuanzia Sake.

Sidonie hakumtania. "Basi panda kule juu umuambie ule Mukecuru. Sasa hivi, mbele ya kula."

"Nitaenda."

Hakwenda. Mvua ilibomoa njia ya kilimani, kweli. Kulikuwa na harusi, kweli. Watoto wa kipaimara walitaka kupigwa picha upya, kweli. Lakini sababu hasa ni kwamba Esdras alitaka aibu ipoe kwanza ndipo aibebe mlimani. Alikuwa hata ameshapanga maneno: atasema leo mwanga ni mzuri, Mukecuru, hebu tujaribu tena. Kuhusu kioo angenyamaza. Alikuwa bado anayapanga maneno hayo Bénédicte alipoingia kwenye chumba cha picha, mtoto mgongoni, kitambaa cheusi kichwani.

"Papa Esdras, Mukecuru ametuacha. Tunaomba ile picha."

"Ile haiko muzuri, Bénédicte."

"Utupatie vile iko. Ile ya karte aliikatalaka."

Akaichapa, akaitia kwenye fremu nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Siku ya mazishi alipanda kilima na kamera yake. Lenzi ilikuwa wazi, na kila jani la kaburini lilitoka likionekana waziwazi. Picha ya Nyirabagenzi ilikuwa imeegemezwa kwenye jeneza, na waombolezaji walipokuwa wakiaga, Esdras alimsikia mama mmoja akimwambia jirani yake, "Masikini, alitetemekaka sana. Hata hapa ku picha inaonekana." Jirani akatikisa kichwa kwa huruma. Esdras alitamani ardhi immeze, na ardhi yenyewe ilikuwa imeshachimbwa mbele yake.

Watu walipopungua uani alimfuata Bénédicte kwenye benchi, akakaa. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake.

"Bénédicte, bibi yako hakutetemeka," alisema. "Hata kidogo. Ni kioo njo niliweka ku objectif, kioo ya dirisha. Ile kosa ni yangu. Na nilijua tangu Jumapili ya batoto ba kipaimara, nikaogopa kupanda huku."

Bénédicte alimweka mtoto sawa mapajani. Hakukasirika, na laiti angekasirika, Esdras angejua pa kuweka uso.

"Tangu tulitoka kwako hajamushika tena huyu mutoto," alisema. "Ata maziwa aliacha kumimina. Nikimupatia mutoto, anakatala. Anasema fotografe ameona, nitamuangusha. Mutoto analia, anamunyooshea mikono, na ye anakalia mikono yake, anamuimbia tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho. Ile asubuhi ya mwisho aliniomba nilalishe mutoto pembeni yake ku mukeka. Hakumugusa."

Mtoto aligeuka, akamnyooshea Esdras mikono, kama watoto wanavyomfanyia mtu yeyote aliye karibu.

"Mushike," Bénédicte akasema.

Akamshika.