Baba Hakuwa Amenuna

Baba alinyamaza msimu wa kuchuma kahawa, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mpaka kwetu Kirua Vunjo na mizani yao, na bei ikaporomoka vilevile. Bei ilimporomokea kila mtu. Watu walitukana, wakanywa mbege, wakaendelea na maisha. Baba alipindua kreti la bia kando ya mashine ya kukoboa kahawa, akaketi juu yake, akaacha kusema.

Lazima nieleze alikuwa mtu wa namna gani. Alisuluhisha ugomvi wa watu ambao hawakumwita. Kanisani alimsahihisha katekista kwa sauti, akiwa benchi la nyuma. Mama alikuwa akisema kwamba Mungu akimchukua baba asubuhi, atamrudisha kabla ya saa sita mchana ili malaika wapumzike.

Huyo ndiye aliyenyamaza. Kinywani mwake lilibaki neno moja tu: marahaba. Ukimwamkia shikamoo aliitikia, kwa sababu kwetu hata mtu awe na hali gani, haiachi shikamoo ya mtoto wa mwenzake bila jibu. Na neno hilo moja ndilo lililotuponza. Anayeweza kuitikia marahaba ulimi wake ni mzima, na mwenye ulimi mzima akikaa kimya, basi huyo amenuna.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, kwa hiyo nilishuhudia ujinga wetu wote tangu mwanzo. Kwanza tulimpeleka zahanati. Mganga akamgusa paji la uso, akamchoma sindano ya klorokwini, maana miaka ile kila chenye miguu miwili kilitibiwa malaria. Baba akawashwa mwili siku mbili nzima, akawa anajikuna mgongo kwenye migomba. Mama alifurahi kupita kiasi.

"Si mnamwona anavyochangamka!" akawaambia majirani.

Kuwasha kulipokwisha, baba alirudi kwenye kreti lake. Ndipo shangazi, dada yake mkubwa, alipotoa hukumu.

"Huyu kuna mtu amemkosea. Aliyemkosea alete isale, mambo yaishe."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea na kuungama kosa lako. Mwenye kuletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemchomea nyumba. Ni desturi nzuri sana na imezuia mapanga mengi. Tatizo letu lilikuwa moja: hatukumjua mkosaji. Mama akaona dawa ni sote tulete, ili mwenye kosa asikosekane katika kundi.

Tukakusanyika Jumapili baada ya misa, kila mmoja na jani lake, foleni kutoka kwenye kreti mpaka zizini. Baba mdogo alikuwa wa kwanza. Alipiga goti mbele ya kaka yake, akaungama kwamba mpaka wa upande wa korongoni aliusogeza hatua mbili, mwaka ule baba alipolazwa kwa henia. Jani aliloleta alilichuma kwenye isale hizohizo alizozihamisha. Jirani wa juu akaungama kwamba maji ya mfereji, ile zamu yetu ya Alhamisi, alikuwa anayaziba kwa magunia. Shangazi akasema kwamba msibani aliwahi kumwambia mtu kuwa kaka yake akiimba, beberu wa jirani huitikia. Mimi nikaungama kwamba ripoti yangu ya kidato cha pili niliitia sahihi mwenyewe, na kwamba sahihi yangu ilikuwa nzuri kuliko yake. Mama akaja wa mwisho. Kofia ya baba ya sherehe, ile tuliyoitafuta wiki mbili, haikupotea. Mama aliitia motoni chini ya chungu cha kiburu, ndizi na maharage, kwa sababu hakuipenda tangu siku ya harusi.

Baba alipokea kila jani, akaliweka gotini, akatikisa kichwa kukubali. Majani kumi na moja. Hakuuliza swali hata moja.

Sisi tulikuwa na maswali. Mama hakuwa anajua habari ya hatua mbili, na baba mdogo hakuwa anajua kwamba magunia yaliyozibia maji yalikuwa magunia yake yaliyoibwa. Kabla kiburu cha mchana ule hakijaiva, watu waliokuja kuomba msamaha walikuwa wameshikana mashati. Shangazi alipiga kelele, "Mae! Mnagombana mbele ya mgonjwa!" Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la akili tangu msimu uanze, na hakuna aliyelisikia, pamoja na shangazi mwenyewe.

Kesho yake baba akanipa kisu chake cha kupogolea kahawa, kisu ambacho hata mama hakuruhusiwa kukigusa. Nilidhani nimesamehewa ile ripoti. Nikatembea nacho kijiji kizima nikiringa. Saa yake alimpa mtoto wa jirani. Chakula alikionja tu, na suruali aliifunga kwa kamba ya mgomba. Nikaanza kuogopa, lakini sikujua ninaogopa nini.

Nikateremka hadi misheni ya Kilema kumwomba padri naye alete isale, kwa kuwa alikuwa mtu pekee aliyebaki. Padri hakuwepo. Alikuwepo sista mmoja mzee aliyewahi kuwa muuguzi, anachambua maharage barazani. Nilimweleza yote, hata habari ya kofia. Alicheka hadi maharage yakamwagika, kisha akauliza maswali matatu. Anakula? Analala? Kitu alichokipenda, bado anakipenda? Nikajibu hapana mara tatu.

"Mwanangu, baba yako hajanuna," akasema. "Baba yako anaumwa. Kuna nesi wa magonjwa ya akili, anapanda na pikipiki kutoka Moshi mara moja kwa mwezi, Jumatano, kwenye kituo cha afya cha huko kwenu juu."

Jumatano ipi, hakuwa na hakika. Mama aliposikia neno akili alifunga mlango na dirisha, ingawa ndani tulikuwa wawili tu.

"Watu wakiuliza," akasema, "tunampeleka jino."

Tukawaambia watu jino. Tulimwambia baba mdogo jino, jirani wa juu jino, na tulipofika kituoni, mama kwa woga akamwambia na karani wa mapokezi jino. Ilikuwa Jumatano ya meno. Baba akaitwa, akakalishwa, akaambiwa fungua mdomo, akafungua. Mtu asiyesema hawezi kujitetea. Nilipogundua na kukimbilia mlangoni, bwana wa meno alikuwa ameshalinyanyua gego kwa koleo, analitazama kwa heshima. Lilikuwa limeoza kweli. "Mmemleta wakati mzuri," akatuambia. Baba alirudi nyumbani na shavu mfano wa papai, akaugulia siku tano, mama akimsukutulisha maji ya chumvi asubuhi na jioni na kumfokea asisogee.

Jumatano iliyofuata nilipanda peke yangu, nikakuta kliniki ya kupima watoto. Iliyofuata, pikipiki ya nesi haikuwa na mafuta. Jumatano ya nne nilipanda na baba, tukamkuta.

Alikuwa kijana wa Mwanza, mpole, amepewa stoo ya mizani. Katikati ya stoo lilipita pazia, na upande wa pili kina mama walipima watoto wao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unajisikiaje moyoni?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Sisi sote tulikuwa tumemuuliza tumekukosea nini. Baba alimtazama nesi, akanitazama mimi, kisha akaanza kusema kwa Kichagga, taratibu, kwa sauti ya chini. Alisema na kusema. Nesi hakujua Kichagga hata cha kuombea maji, lakini hakumkatiza. Baba aliponyamaza, nesi akanigeukia.

"Dada, anasemaje?"

"Anasema amechoka."

Nesi akatazama pazia. "Alipoanza, yule mama alikuwa anamvua mtoto nguo. Sasa mtoto amepimwa, amelia, amevishwa, ameondoka. Kachoka tu?"

"Amechoka sana," nikaongeza.

Baba akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake safi cha kumsahihishia katekista, "Mwambie vizuri. Mwambie na habari ya kamba."

Nikamwambia. Nilitazama mizani na kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Kwamba kila asubuhi akiamka anajuta kuamka. Kwamba anatuona tunacheka na ni kama anatutazama kutoka ng'ambo ya korongo. Kwamba ameficha kamba nyuma ya zizi, na siku alikuwa ameshaichagua, ikawa ndiyo siku aliyong'olewa jino. Alirudi na maumivu, mkewe akawa hambanduki na kikombe cha maji ya chumvi, siku ikapita. Kwamba hajui kama ana nguvu ya kuipitisha nyingine.

Nilipomaliza nilikuwa nalia na kamasi. Baba akamwambia nesi, "Mtazame na huyu mtoto."

Nesi akavuta kigoda cha pili. Alimshukuru baba kwa kusema. Akaniambia nikifika nyumbani nianze na kamba, halafu mzee asiachwe peke yake, halafu vidonge. Vidonge vile baba alivimeza miaka mingi, na mara nyingine viliisha kituoni nikavifuata Moshi mjini. Kabla ya msimu mwingine wa kahawa alikuwa anasuluhisha ugomvi wa watu kwenye foleni ya kliniki, watu ambao hawakumwita.

Siku ile lakini tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, nikihesabu hatua zake. Alinionyesha mahali kwa kidole. Niliichukua kamba, nikaipeleka jikoni kwa mama, naye akaniuliza ni ya nini, na je, jino linasemaje.

Nikafunga mlango, nikamwambia yote kwa Kichagga, bila kupunguza neno.