Ukurasa wa Nne Ambao Sikumsomea Bibi

Mwezi uliopita mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi yangu, aliniita kwake Rahaleo. "Wewe ndiye uliyesoma katika ukoo huu," aliniambia. "Kabla sijafa nataka kujua baba yangu alipotelea wapi." Basi nikaenda kwenye chumba kimoja hapa mjini wanakotunza magazeti ya zamani. Nilikaa siku tatu nikipiga chafya, nikifunua gazeti lile dogo la jimbo letu, kurasa nne tu, ambalo vijana wa leo hawajui hata kama liliwahi kuwepo. Siku ya tatu nikafika kwenye toleo lenye picha ya timu ya mpira ukurasa wa kwanza. Gazeti lile niliwahi kulishika. Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Nililelewa na bibi kijijini Mpapura. Msimu wa korosho ungeujua ua wetu kwa moshi. Bibi alikaanga korosho kwenye kipande cha pipa, mafuta yake yakishika moto, nasi watoto tukifukuzwa tusije tukaungua midomo. Zikipoa tulizibangua kwa jiwe, vidole tumevipaka majivu. Kiangazi tuliamkia ming'oko, ile mizizi ya porini, imechemshwa kwa chumvi; mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Babu namkumbuka kwa vitu viwili: kikohozi, na futi ya kitambaa shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Alivuka mto Ruvuma kwenda kushona nguo ng'ambo, akaahidi kurudi kabla ya mavuno. Mavuno yakapita mara mbili.

Siku moja bibi akasikia mnadani kwamba gazeti limeandika habari za ng'ambo. Akatoa bakuli zima la korosho, akapewa nakala. Kusoma hakujua, na mwalimu wetu alikuwa likizo kwao. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Haya, mume wangu," akaniita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "nisomee. Usiruke neno."

Wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani. Mpira wetu wa makaratasi na kamba ulikuwa umefumuka, na mimi niliahidi kuleta karatasi. Nikasoma habari za timu kwa sauti ya mwalimu mkuu, bibi ameketi, mikono mapajani, anatikisa kichwa kama aliyeelewa. Ukurasa wa pili nikauruka nusu. Wa tatu ulikuwa bei za mazao. Wa nne sikuufunua.

"Imekwisha."

"Umefika mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, bibi. Hakuna cha ng'ambo."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Ingekuwa mbaya ingeandikwa."

Nikaliomba gazeti, akanipa. Kabla ya magharibi lilikuwa vipande uwanjani.

Tulikuwa na jirani, seremala aliyefiwa na mkewe. Kila mwaka kabla ya masika alipanda paani kwetu kuezua makuti mabovu na kuweka mapya, na bibi alimpikia. Siku hizo bibi aliimba akipika. Nilidhani anafurahia mvua. Seremala akapeleka posa. Bibi akajibu, "Fundi, mimi nina mume."

Wanawake kisimani hawakumwacha. "Mume gani, wa hewani?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, shoga yetu kaolewa na upepo!" Bibi alicheka nao, kisha akasema, "Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. La huyu wangu lipo." Shehe alimweleza kuwa mume akipotea muda mrefu dini ina njia yake. Alikataa. Ingekuwa mbaya ingeandikwa, alisema, na mjukuu wake alisoma mpaka mwisho.

Seremala mwishowe alioa kijiji cha Ziwani, akahamia huko. Masika yaliyofuata bibi alipanda mwenyewe juu ya paa.

Sasa nikueleze ukurasa wa nne. Habari yenyewe ni fupi, chini kabisa, pembeni. Mtumbwi wa kuvushia watu ulipinduka mlangoni mwa Ruvuma. Watu wanne walikufa maji, wakazikwa ng'ambo. Wa tatu kutajwa ni babu, jina lake na la baba yake, "fundi cherehani wa Mpapura, aliyekuwa akirejea kwao."

Nilimsomea mama mdogo barazani kwake. Akataka nirudie, polepole.

"Akirejea? Wameandika akirejea?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hakututoroka."

Alilia kwa furaha, na hapo ningeweza kunyamaza. Nimeshanyamaza mara nyingi maishani. Nikamweleza yote.

"Mimi niliozeshwa na kadhi," akasema, "watu wakinong'ona baba yangu ana nyumba nyingine ng'ambo. Lakini mimi usiniombe msamaha, mwanangu. Mimi leo nimempata baba. Mwenye haki yake yuko kaburini."

Gazeti lile lilikufa zamani. Nyumba ya bibi imekuwa shamba la mikorosho, na kisima kimefukiwa. Siku hizi hakuna bibi anayempelekea mtoto karatasi amsomee. Kila mtu ana simu yake. Labda ni afadhali. Lakini huwa nawaza jinsi mtu mzima alivyoweza kukaa mbele ya mtoto na kumkabidhi macho yake, bila wasiwasi wowote.

Ijumaa iliyopita tulisoma hitima Mpapura, ya babu na bibi pamoja. Babu hakuwahi kusomewa. Nani amsomee hitima mtu aliye hai? Kabla ya dua shehe kijana aliniinamia akauliza, "Mzee, kati yao nani alitangulia?" Nyumbani kwetu siku zote tulisema bibi.

"Babu," nikajibu. "Kwa miaka ishirini na miwili."

"Kumbe bibi aliishi mjane muda mrefu," akasema, akaanza kuomba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo.