Barua Iliyokosa Boti Tatu

Sisi tuliokulia Kisangani siku zile toleka, baiskeli za kubeba abiria, zilipokuwa nyingi kuliko pikipiki, jamani, tulijua kucheza. Kengele ya shule ikilia tu, mifuko chini, viatu pembeni, wasichana tunajipanga mistari miwili kwa nzango: kuruka, kupiga makofi, kurusha mguu. Ole wako urushe mguu usiotakiwa! Wenzako wanakuimbia nyimbo za kukucheka mpaka machozi yakutoke. Jioni tunarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, tunakuta mama zetu wanatwanga ndizi za lituma, na harufu ya samaki wa moshi imeshatutangulia barabarani. Watoto wa leo ukiwaambia waruke nzango dakika tano tu, wanauliza nani atachukua video. Wacha tu.

Lakini kuna jambo moja la siku zile ambalo likinijia, sicheki mpaka leo.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwa dictée, ile imla ya Kifaransa, darasa la sita. Mama yangu, binti wa wavuvi wa Yanonge, hakujua kusoma, kwa hiyo mwandishi wa nyumba nilikuwa mimi, na nilivimba kichwa kwa kazi hiyo. Shida yangu ilikuwa moja. Kila kitu kidogo nilikijibu kwa Kilingala cha mtaani: lobi. Kushona kifungo, lobi. Kurudisha ungo wa jirani, lobi. Kuosha sufuria, lobi, mpaka mafuta yagande. Na Kilingala kinavyojua kutega watu, lobi ni kesho na lobi hiyohiyo ni jana. Papa alikuwa ananichokoza: "Georgine, hii lobi yako iko ya nyuma ao ya mbele? Juu mimi sijaona kitu." Nyumba nzima inacheka, na mimi mjinga nacheka nao.

Basi Mama alikuwa na mdogo wake, mama mudogo Albertine, ameolewa Yangambi. Baada ya msiba wa nyanya, mama yao, waligombana juu ya kikwembe, kitenge cha marehemu. Mama alisema Albertine amekiiba. Miaka miwili hawakusalimiana. Siku moja Mama akawa anapanga sanduku lake, akakikuta kikwembe chini kabisa, kimekunjwa na mikono yake mwenyewe. Alikaa chini sakafuni. Halafu akaniita, hanitazami usoni.

"Georgine, utaniandikia barua. Umwambie Albertine: mimi mukubwa, na ni mimi nilikosa. Akuje. Boti inaenda Alhamisi."

Ninyi wa rika langu mnawajua wazazi wetu. Mkubwa kumwomba mdogo msamaha, hilo halikuwa jambo la mchezo. Nikajibu, ndiyo Mama. Nikatoka kwenda kucheza nzango.

Alhamisi ikafika, boti ikaondoka. "Georgine, ile barua?" "Lobi, Mama." Juma la pili nikasema kalamu ya Bic imeisha. Kweli ilikuwa imeisha, ila duka lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwetu. Juma la tatu nilifungua kaye, daftari langu la shule, nikaandika "Kisangani" na tarehe, kwa mwandiko mzuri kabisa, rafiki yangu akanipigia mluzi nje nikaiacha hapohapo mezani. Mama hakupiga kelele. Angeweza kumwomba mwalimu jirani yetu, lakini aliona haya mtu wa nje asikie kosa lake. Alikuwa na mimi tu.

Juma la nne boti iliporudi kutoka Yangambi, Tonton Bosco, nahodha wake, alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, kofia mkononi. Mama alipomwona amesimama vile akaacha kutwanga. Mama mudogo alishikwa na homa, siku mbili tu, na walikuwa wameshamzika.

Mama hakulia kwanza. Aliuliza: "Alisema kitu juu yangu?"

Tonton akatazama chini. "Kila mara boti ikifika, alikuwa anashuka mpaka kwa mto. Ananiuliza: hakuna kitu ya kutoka kwa yaya, mukubwa wangu?"

Ee Mungu wangu. Nilikimbia nyuma ya jiko, nikajifunika uso na gauni. Hakuna aliyenifuata, na hakuna aliyenigombeza, hata Papa. Afadhali wangenipiga.

Matanga yalipokwisha Mama akaniita. "Bon. Leta kaye. Andika."

"Lakini Mama, sasa tutamutumia nani?"

"Nimekuambia andika."

Akasema, nikaandika. Mistari saba. Pondu ya majani ya muhogo iliyokuwa motoni haikuwa hata imeanza kuchemka tulipomaliza. Akaichukua ile karatasi, akaifunga ndani ya kikwembe, akairudisha sandukuni.

Tangu siku hiyo neno lobi lilinitoka mdomoni. Sufuria naiosha ingali moto, kifungo nakishona mtu akiwa bado amevaa shati. Watoto wangu wananicheka, wananiita Mama Sasa Hivi, wanafikiri nilizaliwa hivi.

Enzi zetu neno lilingoja boti juma zima. Leo linafika mbali kama Bafwasende kabla hujameza mate, na bado watu wanaliacha lilale. Juzi binti yangu alikuwa na jumbe sita za sauti kwenye simu yake, zote kutoka kwa mdogo wangu, ambaye kwake yeye ni mama mudogo, na hajafungua hata moja. "Nitasikiliza kesho, Mama." Nikamsimamia palepale mpaka akabonyeza, macho ameyageuza juu kama vijana wanavyojua. Mama mudogo wa watu alikuwa anauliza tu kama amekula, na kama kile kikohozi kimepona.

Nikamwambia binti yangu, mujibu sasa hivi. Akamjibu, akacheka naye, ikaisha. Mimi mama mudogo wangu, aliyeshuka mtoni kila boti ikifika, sikumjibu.